Riba ya Mkopo wa Vyumba vya Kupangisha

Wengi wetu katika mashamba ya chai na viwandani hatungoji kustaafu ndipo tujenge. Mtu huchukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo, akainua vyumba vichache karibu na soko, akitumaini wapangaji watamlipia deni. Vyumba viwili vikikaa vitupu miezi mitatu, pesa hazitoshi, naye huenda kukopa mahali pengine ili alipe riba ya mkopo wa kwanza. Ndipo swali linapokuja: je, riba yote hiyo haipunguzi kitu kwa serikali?

Tueleze mambo ya Kenya. (Wasomaji wa Tanzania wakumbuke kwamba huko pesa ya mpangaji ndiyo kodi, na ya serikali ni ushuru. Tutafuata desturi hiyo.)

Tangu Januari 2016 Kenya ina ushuru maalum wa nyumba za kuishi zilizopangishwa. Ulianza kwa asilimia 10, na Januari 2024 ukashushwa hadi 7.5. Unamhusu mwenye kupokea kodi ya shilingi 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka, na hulipwa kila mwezi. Hutozwa juu ya kodi nzima. Rangi haitolewi, mlinzi hatolewi, riba haitolewi. Basi aliyekopa mara moja na aliyekopa mara tatu hulipa sawasawa, na huo mkopo wa pili haumpunguzii hata senti.

Lakini kuna mlango ambao wengi hawaujui. Sheria inamruhusu mwenye nyumba kumwandikia Kamishna kwamba hataki utaratibu huo, ahesabiwe kwa njia ya kawaida, yaani gharama zitolewe kwanza, pamoja na riba ya pesa zilizojenga vyumba.

Tuchukue mfano wa vyumba 10, kila kimoja 3,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 360,000, na ushuru wa asilimia 7.5 ni 27,000. Tuseme riba ya mwaka ni 180,000. Mstaafu asiye na pato lingine la kutozwa, akichagua njia ya kawaida, hubaki na 180,000. Asilimia 10 yake ni 18,000, na nafuu ya kila mtu ni 28,800 kwa mwaka. Hadaiwi kitu.

Sasa mwenzake bado yuko kiwandani, na mshahara wake unaotozwa ushuru ni 24,000 kwa mwezi. Nafuu yake imekwisha kutumika huko. Zile 180,000 zinapandishwa juu ya mshahara: 100,000 za kwanza kwa asilimia 25 na 80,000 kwa asilimia 30, jumla 49,000. Huyu afadhali abaki na 27,000 zake. Kwa hiyo asiandike mtu barua kwa sababu jirani ameandika.

Wala asidhani kwamba vyumba vikileta hasara atakatwa kidogo kwenye mshahara. Kenya hasara ya nyumba husubiri faida ya nyumba. Australia ndiko wenye nyumba walikozoea kutoa hasara hiyo katika mishahara yao. Serikali ilizuia mwaka 1985, ikalegea 1987. Kuna waliozidisha: walielekeza malipo yao yote kwenye deni la nyumba wanayoishi, wakaiacha riba ya nyumba ya kupangisha ijirundike ili waidai yote kwa serikali. Mwaka 2004 mahakama ya juu kabisa ya huko iliukataa mpango wa namna hiyo. Sisi tunaona ni haki, maana mshahara wa kibarua hukatwa kabla hajaushika.

Mwenye kuchagua njia ya kawaida ajue pia kwamba kinachotolewa ni riba. Mkopo wenyewe hautolewi. Na sheria hutazama pesa zilikwenda wapi. Mkopo ulionunua mabati na kulipa karo kwa pamoja huleta ugomvi. Chukua mikopo miwili mbalimbali, na kila risiti ya saruji iwekwe pamoja na karatasi za mkopo uliyoinunua.