Kumshukuru Mungu: kutoka sadaka ya toda hadi mnada wa mavuno

Kiebrania cha Agano la Kale hakina kitenzi kimoja kinacholingana sawasawa na "kushukuru". Kile kinachotafsiriwa hivyo kinabeba kukiri na kusifu kwa pamoja: mtu anatamka mbele ya watu jambo ambalo Mungu amemtendea. Mwanzo 29:35 inalihusisha jina la Yuda na kitenzi hicho hicho, na kutoka mzizi wake likapatikana neno toda, jina la sadaka ya shukrani. Shukrani ya namna hiyo ilihitaji masikio ya wengine, haikuishia moyoni.

Kanuni za sadaka hiyo zimo katika Walawi 7. Mwenye shukrani alileta mnyama pamoja na mikate ya aina nne. Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya Kiyahudi wa karibu mwaka 200, inataja mikate kumi ya kila aina, yaani 40 kwa jumla. Sadaka ya nadhiri iliruhusiwa kuliwa hata kesho yake, lakini nyama ya shukrani ilipaswa kuisha siku ile ile, isilale. Sura yenyewe haitoi sababu, ila mpishi yeyote ataihisi: mnyama mzima na mikate yote hiyo haviishi jioni moja bila kuita ndugu na majirani, na wageni wakishakaa watauliza shughuli ni ya nini.

Katika Luka 17, watu kumi wenye ukoma wanamlilia Yesu, naye anawatuma kwa makuhani kama torati ilivyotaka. Wanatakasika wakiwa njiani. Anayerudi ni mmoja tu, Msamaria, akimtukuza Mungu kwa sauti kuu. Habari hii husimuliwa sana kuwasuta wasio na shukrani, na Yesu mwenyewe anauliza wale tisa wako wapi. Hata hivyo, hakuna mahali panaposemwa kwamba ukoma uliwarudia. Uponyaji ulikwisha kutolewa, na shukrani haikuwa bei yake. Mahubiri yanayotisha watu kwamba atakayechelewesha bahasha ya shukrani atanyang'anywa baraka hayapati msaada wowote katika sura hii.

Kitenzi cha Kigiriki anachotumia Luka kwa shukrani ya Msamaria huyo ndicho kilichozaa neno Ekaristi. Kinatokea tena katika karamu ya mwisho, Yesu anapotwaa mkate na kushukuru kabla ya kuumega. Didake, maandishi ya Kikristo ambayo wataalamu wengi huyaweka kati ya mwisho wa karne ya 1 na mwanzo wa karne ya 2, tayari inaiita meza hiyo Ekaristi. Wakatoliki wamelishika jina hilo, Walutheri husema Chakula cha Bwana, na Waanglikana Ushirika Mtakatifu. Linalostahili kutazamwa ni saa yenyewe: Yesu alishukuru usiku ule ule aliosalitiwa.

Hapo ndipo penye ugumu kwa mwamini. Paulo, katika 1 Wathesalonike 5:18, anaagiza kushukuru katika kila jambo. Kihusishi "katika" kina uzito, kwa kuwa kushukuru ukiwa ndani ya msiba si sawa na kuushukuru msiba. Ni kweli kwamba Waefeso 5:20 inakwenda mbali zaidi, na wafafanuzi hawajaacha kuvutana juu yake. Lakini Zaburi zenye vilio ni nyingi kuliko zenye shukrani, na zote ziliimbwa katika ibada ile ile. Mfiwa anayeulizwa hali akajibu "namshukuru Mungu" hasemi kwamba hana uchungu.

Martin Rinkart, mchungaji wa Kilutheri wa mji wa Eilenburg huko Saksonia, aliyajua hayo. Wimbo wake wa shukrani, Nun danket alle Gott, ulitungwa wakati wa Vita vya Miaka Thelathini. Mwaka 1637 tauni iliingia mjini, akazika watu zaidi ya 4,000, mke wake akiwa mmojawapo. Wimbo huo unahesabiwa kuwa ulianza kama sala ya mezani kwa familia yake.

Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563 iliupanua uwanja wa shukrani. Katekisimu Ndogo ya Luther ya 1529, inayojulikana na wanafunzi wa kipaimara wa Kilutheri, huanza na Amri Kumi. Ile ya Heidelberg inaziweka mwishoni, chini ya sehemu inayoitwa shukrani, pamoja na Sala ya Bwana. Kwa mpangilio huo, kutoiba na kutosema uongo ni jibu la mtu aliyekwisha kuokolewa.

Shukrani ya mazao ina mizizi katika Kumbukumbu la Torati 26. Mkulima analeta kapu la malimbuko, anasimulia utumwa wa Misri, kisha anafurahi pamoja na Mlawi na mgeni. Katika sharika za Kilutheri nchini Tanzania, sikukuu ya mavuno huleta madhabahuni mahindi, mikungu ya ndizi, kuku na mayai, na baada ya ibada hufuata mnada. Yai moja linaweza kununuliwa, likarudishwa mezani na kuuzwa tena mara kadhaa, huku mama aliyelileta akisikiliza bei ikipanda.