Kuku wa Tanuru kwa Ajili ya Marafiki

Mtu akitamka neno «karamu», wengi wetu huanza mara kuhesabu fedha. Twafikiri juu ya mbuzi, juu ya bia, juu ya deni litakalotusumbua hata mwisho wa mwezi. Kwa hiyo wengine hawamwaliki mtu ye yote, na urafiki unanyauka kama mche usiotiwa maji. Leo twataka kueleza chakula kisichomfilisi mtu: kuku aliyevikwa mkate mkavu uliosagwa, akaokwa katika tanuru pamoja na vipande virefu vya viazi vya kizungu. Lakini kwanza tukiri kosa letu, maana kosa hilo ndilo lililotufundisha.

Kosa letu

Miaka kadha iliyopita, hapa Bukavu, tuliwaalika rafiki watatu tuliosoma pamoja nao. Mmoja wao alikuwa na safari kesho yake. Alikwenda kufundisha mbali. Tukataka kumheshimu, tukakaanga kuku katika mafuta mengi. Sasa, mwenye kukaanga hawezi kuuacha moto. Vipande vitatu vikitoka, vitatu vingine huingia. Basi jioni nzima tulisimama jikoni, sisi na mama wa nyumba yetu, huku tukisikia vicheko vya wageni ng'ambo ya ukuta.

Tulipoketi mwishowe, ganda la kuku lilikuwa jeusi, na nyama iliyo karibu na mfupa ilikuwa nyekundu bado. Mafuta yalikuwa yamepata moto kupita kiasi: yaliunguza nje kabla joto halijafika ndani. Rafiki yetu, mtu wa adabu, alisema: «Shemeji, asante sana kwa chakula,» kisha akaficha kipande chake chini ya mifupa. Tulimwona. Alfajiri akaondoka, nasi hatukuwa tumeongea naye maneno kumi. Kuku mbaya husahauliwa. Lakini saa tuliyomnyima rafiki yetu, hiyo hatukuisahau.

Tangu siku ile tukajifunza kutumia tanuru. Joto lake humzunguka kuku pande zote na kumwingia polepole. Mafuta yatakiwayo ni vijiko vichache tu. Tena, mpishi akiisha kufunga mlango wa tanuru, anaweza kuketi na wageni wake.

Kumchagua na kumtayarisha kuku

Kwa watu sita chukua kuku mmoja mchanga, mwenye uzito wa kilo moja na nusu au mbili. Mkate vipande kumi: miguu miwili, mapaja mawili, mabawa mawili, na kifua vipande vinne. Mgongo, shingo na firigisi zitafaa kwa mchuzi wa watoto. Ikiwa kuku ni mzee, mchemshe kwanza hata nyama ilainike, ndipo umvike mkate na kumtia katika tanuru dakika ishirini tu. La sivyo wageni watachoka meno. Ikiwa ni kuku wa barafu, sharti barafu yote iyeyuke kabla ya kuanza, hata ile iliyo karibu na mfupa.

Wengi wetu tulizoea kumwosha kuku mbichi kwa maji mengi. Siku hizi wenye elimu ya afya hutuonya tusifanye hivyo, kwa kuwa maji yakiruka hueneza vijidudu juu ya meza, vyombo na mboga. Kinachoua vijidudu ni moto. Basi mpanguse kuku, nawa mikono kwa sabuni, wala usikate kachumbari kwa kisu kile kile ulichomkatia kuku.

Mpake chumvi kijiko kimoja cha chai na nusu, kitunguu saumu kilichopondwa, pilipili kidogo na maji ya ndimu moja. Mfunike, umweke mahali pa baridi muda wa saa mbili.

Kumvika mkate

Hapa mama mwenye akiba hupata faida. Mkate wa juzi, ambao watoto wanaukataa, usiutupe. Ukate vipande vyembamba, uukaushe katika tanuru yenye joto dogo, uutwange katika kinu, uuchekeche. Changanya ule unga na vijiko viwili vya mafuta. Pasipo mafuta hautageuka rangi ya dhahabu, utabaki mweupe na mkavu.

Panga sahani tatu: ya kwanza unga wa ngano, ya pili mayai mawili yaliyopigwa, ya tatu ule mkate. Kila kipande kipite katika sahani zote tatu kwa utaratibu huo. Kwa nini? Unga hukausha unyevu wa ngozi, yai hushika juu ya unga, na mkate hushika juu ya yai. Ukiruka sahani moja, vazi la kuku litavuka tanuruni. Tumia mkono mmoja kwa vitu vikavu na mwingine kwa yai, usije ukavivika mkate vidole vyako mwenyewe.

Viazi

Kiazi cha kizungu si mwenyeji wa kwetu. Asili yake ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini. Kilifika Ulaya katika karne ya 16, na baadaye kikaja kwetu. Lakini kimeipenda baridi ya milima yetu ya Kivu, nasi twakula viazi vizuri vya Masisi na vya Lubero.

Chukua kilo mbili. Visugue vizuri katika maji, usivimenye. Sehemu yenye rangi ya kijani iondoe yote, maana ina sumu. Kata kila kiazi kwa urefu, vipande vinane. Viloweshe nusu saa ili wanga wa nje utoke, kisha vikaushe kabisa kwa kitambaa safi, kwa sababu kiazi chenye maji hakikauki ngozi. Vipake vijiko vitatu vya mafuta na chumvi, uvipange visilaliane.

Tanuru iwe imekwisha kupata moto wa digri 200. Kuku na viazi vyataka dakika arobaini hadi hamsini. Vigeuze mara moja katikati. Mwisho choma paja kwa kisu karibu na mfupa. Maji yakitoka meupe, na nyama isiwe nyekundu, kuku ameiva. Mwenye kipimo cha joto akitie ndani ya nyama: kikifika digri 74, hakuna shaka.

Asiye na tanuru

Je, asiye na tanuru afanye nini? Achukue sufuria kubwa nzito, atie mchanga mkavu chini, na juu ya mchanga aweke sahani ya bati yenye kuku. Afunike, kisha aweke makala machache chini na mengi zaidi juu ya kifuniko. Viazi avioke vivyo hivyo katika sufuria ya pili.

Sisi wenyewe tulihitaji ujuzi huo. Mwaka huu rafiki yetu yule alipita tena mjini kwetu. Tulitia kuku katika tanuru, tukaketi naye. Baada ya kitambo akatazama upande wa jikoni, akauliza: «Mwalimu, ninyi wote mko hapa. Nani anapika?» Tukamjibu: «Tanuru inapika.» Hatujamaliza kucheka, umeme ukakatika.

Zamani tungaliona aibu. Safari hii tuliwasha makala, tukahamisha vyakula katika sufuria, naye akavua koti, akavuta kigoda karibu na mbabula. Pale, akipepea moto, alitueleza habari za miaka yake yote ya ugenini: wanafunzi wake, homa iliyomlaza, na baba yake aliyefariki naye hayupo. Hayo hatukuyajua. Kuku alichelewa, na vazi lake halikukauka kama tulivyotaka. Lakini nyama ilikuwa imeiva hata mfupani, na safari hii rafiki yetu hakuficha kitu.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi, wasomaji wapenzi, mwaliko wako usingojee fedha nyingi. Kuku mmoja na viazi kilo mbili vyatosha, ikiwa mwenyeji naye anapata nafasi ya kuketi mezani.