Fahamu: Kibodi ya kimakanika kwa bajeti ndogo
Anayechapa kazi za wanafunzi kutwa nzima kwenye stationari ya Moshi anaijua kibodi ya kawaida: chini ya vitufe kuna utando wa mpira, na ukichoka herufi zinagoma. Kibodi ya kimakanika ina swichi yenye springi chini ya kila kitufe.

Kibodi hizi zilikuwa ghali. Hataza ya swichi za Cherry MX za Ujerumani ilipoisha, viwanda vya China kama Gateron na Outemu viliongeza ushindani, bei ikashuka.

Ukinunua ya kwanza, tafuta inayochomolewa swichi bila kulehemu: ikifa moja, unabadilisha hiyo tu. Hilo ni muhimu kuliko taa za rangi. Aina za swichi hutambulishwa kwa rangi: za bluu zina kelele. Ofisini chukua nyekundu au kahawia. Vumbi la kiangazi likiingia, ng'oa vitufe, pangusa kwa brashi kavu.