Bunduki na Kofia ya Mashuani: Mitazamo ya Wakazi wa Migori na Homa Bay

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa dau la mnyonge haliendi joshi. Katika Ziwa Viktoria, mnyonge mara nyingi ni yule anayekutana na mwenye bunduki ilhali yeye ana nyavu na kasia tu. Makala haya yanalenga kueleza jinsi jamii za kaunti za Migori na Homa Bay nchini Kenya zinavyoitazama bunduki, na jinsi mitazamo hiyo inavyopaswa kumwongoza mtu anapochagua kofia ya kuvaa mashuani. Huenda msomaji akastaajabu kuona mambo haya mawili yakijadiliwa pamoja. Hata hivyo, bunduki na kofia vina sifa moja ya pamoja: vyote huonekana kwa mbali na kumtambulisha mtu kabla hajafungua kinywa.

Bunduki mikononi mwa raia

Kisheria, suala la bunduki nchini Kenya halina utata. Katiba ya mwaka 2010 haimpi raia haki ya kumiliki bunduki. Anayeihitaji sharti aombe leseni, na anaweza kunyimwa. Hali hii ni tofauti na ile ya Marekani, ambako haki hiyo imo katika katiba tangu mwaka 1791. Lakini ijapokuwa sheria ya Kenya ni moja, mitazamo ya watu wake si mmoja.

Tuchukue mfano wa Wakuria, wanaoishi upande wa mashariki wa Migori na ng'ambo ya mpaka nchini Tanzania. Ng'ombe kwao ni mali, ni mahari na ni heshima ya boma. Wakati wa ukoloni vijana wengi wa Kikuria waliandikishwa jeshini, na baada ya vita vya Tanzania na Uganda vya mwaka 1978 hadi 1979, silaha za vita ziliingia katika wizi wa mifugo. Wezi walipoacha mishale na kushika bunduki, baadhi ya wenye mifugo nao waliiona bunduki kuwa ndilo komeo la zizi. Si kwamba kila Mkuria ana bunduki, la hasha. Linalodhihirika ni kwamba mtazamo huo ulizaliwa na hofu ya kupoteza mali pale ambapo ulinzi wa serikali ulikuwa mbali.

Katika kaunti ya Homa Bay, miongoni mwa Wajaluo na Wasuba, bunduki inakumbusha msiba. Katika kisiwa cha Rusinga limo kaburi la Tom Mboya, waziri aliyepigwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Jengo lililojengwa juu ya kaburi hilo lina umbo la risasi. Mgeni hahitaji kufasiriwa maana yake.

Kwa upande mwingine, miongoni mwa Wajaluo heshima ya mzee huonekana kichwani. Jaramogi Oginga Odinga alifahamika kwa kofia yake ya shanga. Mwanawe, Raila Odinga, alipofariki tarehe 15 Oktoba 2025, kofia yake ililetwa nyumbani pamoja na mwili wake, na waombolezaji wengi waliililia kama waliomwona mwenyewe.

Bunduki ziwani

Sehemu ya Kenya katika Ziwa Viktoria ni takriban asilimia 6 pekee, na mpaka majini hauna ua wala jiwe. Mvuvi anayefuata samaki anaweza kuuvuka bila kujua. Kisiwa kidogo cha Migingo, kilicho mkabala na pwani ya Migori, kilizua mzozo mkali kati ya Kenya na Uganda mwaka 2009, na wavuvi walijikuta mbele ya askari wenye silaha. Aidha, wapo maharamia wanaopora injini na samaki. Kwa hiyo, chombo kinapokaribia, swali la kwanza la kila upande ni moja: ni nani hawa?

Kuchagua kofia

Ni hapa ambapo kofia inakuwa jambo la usalama. Kwanza, epuka kofia ya mabaka, ya kijani cha kijeshi au bereti, hata ikiwa rahisi kiasi gani kwenye mitumba. Sheria za Kenya, Uganda na Tanzania zinamkataza raia kuvaa sare za jeshi bila idhini, na mwaka 2019 Uganda iliitangaza hata bereti nyekundu kuwa vazi la kijeshi. Kwa mbali, kofia kama hiyo humfanya mvuvi adhaniwe kuwa ana bunduki.

Pili, chagua rangi inayong'aa, kama vile manjano au chungwa, ili uonekane hata ukianguka majini. Tatu, ukingo uwe mpana, angalau sentimita 7, uzunguke kichwa chote na kufunika masikio na shingo. Upande wa chini wa ukingo uwe wa rangi nyeusi, kwa sababu maji huakisi mwanga na kuurudisha machoni. Nne, kofia iwe na kamba ya kufunga kidevuni. Wengi wamehatarisha maisha kwa kuinama kuifuata kofia iliyopeperushwa na upepo. Kwa wavuvi wa omena, ambao huvua usiku kwa taa, boshori ya sufu huzuia baridi, lakini isiushuke uso. Uso uliofichwa usiku huogopesha kama bunduki.

Hitimisho

Lugha yetu ina kitenzi kimoja, kuvua, kwa samaki na kwa kofia. Mvuvi wa Muhuru au Mbita huvua samaki ili aishi, na hulazimika kuvua kofia mbele ya mwenye silaha ili aonekane uso. Hadi hapo serikali tatu za ziwa hili zitakapomhakikishia usalama pasipo yeye kushika bunduki, na avae kofia inayotangaza kutoka mbali kuwa yeye ni mvuvi tu.