Pumzi Kumi na Nane

Ukipekua faili za wagonjwa katika hospitali nyingi duniani utaona joto la mwili likitofautiana kati ya mgonjwa na mgonjwa, presha vilevile, na mapigo ya moyo nayo yakipanda na kushuka. Ukifika kwenye mstari wa upumuaji, namba zinajirudia: 18, 20, 18, 20. Watafiti waliopitia kumbukumbu za hospitali katika nchi mbalimbali wamelikuta jambo hili mara nyingi, na maelezo yake ni mepesi: pumzi hazikuhesabiwa. Joto, presha na mapigo hupimwa na mashine. Pumzi humtaka mtu asimame kando ya kitanda, akitazame kifua kikipanda na kushuka kwa dakika nzima, na dakika hiyo ndiyo inayorukwa. Nasema hili ni kosa kubwa, kwa sababu namba hiyo inayokisiwa ndiyo mara nyingi hutangulia kutuambia kwamba mgonjwa anazidiwa.

Chanzo chake ni namna mwili unavyojilinda. Upumuaji huongozwa na shina la ubongo, ambalo muda wote linafuatilia kiasi cha kabonidayoksaidi na tindikali mwilini, huku vihisio vilivyo kwenye mishipa mikubwa ya shingo vikifuatilia oksijeni. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Maambukizi yakienea kwenye damu, figo zikishindwa kazi, au kisukari kikipanda bila kudhibitiwa, tindikali huongezeka, na njia ya haraka kuliko zote ya kuipunguza ni kuitoa kabonidayoksaidi kwa kupumua zaidi. Daktari Mjerumani Adolf Kussmaul aliueleza upumuaji huo mzito kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1874, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Presha huchelewa. Chukua majeruhi wa bodaboda aliyepasuka bandama na anavuja damu tumboni. Anaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya damu yake huku presha ikisoma vizuri tu, kwa kuwa mishipa imejibana na moyo umeongeza kasi. Mapigo yamepanda, pumzi zimeongezeka, ngozi imeanza kuwa baridi, na mtu aliyetazama mkanda wa presha peke yake anamwambia akae benchi asubiri zamu yake. Presha ikija kushuka, muda wa kumwokoa umebaki mchache sana.

Ushahidi haukosekani. Mwaka 1993 madaktari nchini Marekani walionyesha kwamba mgonjwa wa wodini anayepumua zaidi ya mara 27 kwa dakika yuko kwenye hatari kubwa ya moyo kusimama ndani ya siku chache. Mfumo wa alama za tahadhari uliotolewa Uingereza mwaka 2012 humpa alama tatu, ambazo ni za juu kabisa kwa kipimo kimoja, mgonjwa mwenye pumzi 25 au zaidi, au 8 na kushuka. Huku kwetu ushahidi ulio mzito zaidi ulitoka Kilifi, Kenya. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 kuhusu watoto waliolazwa kwa malaria ulionyesha kuwa dalili mbili za kutazama kwa macho, yaani kupumua kwa shida na kupungukiwa na fahamu, ziliwabainisha zaidi ya wanane kati ya kila kumi ya watoto waliokuja kufariki. Dalili hizo hazihitaji maabara wala umeme.

Wapo watakaouliza: kuna haja gani ya kuhesabu wakati oksimita ya kidoleni inatoa jibu kwa sekunde chache? Swali ni la haki, na kifaa chenyewe kimeokoa wengi. Lakini oksimita inaonyesha matokeo ya juhudi za mwili na haionyeshi gharama yake. Mtoto mwenye nimonia anaweza kusoma asilimia 95 kwa sababu tu anapumua mara 60 kwa dakika kuilinda namba hiyo. Akichoka, inaporomoka ghafla. Mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria anaweza kusoma asilimia 98 ilhali damu yenyewe ni chache mno kubeba oksijeni inayotosha. Kuna na la ngozi, ambalo linatugusa moja kwa moja. Utafiti uliotoka Marekani mwaka 2020 uligundua kuwa upungufu wa oksijeni ambao oksimita haikuuona ulikuwa karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe. Kifaa kinachoweza kutuficha hatari namna hiyo hakifai kuachiwa uamuzi peke yake.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: pumzi huongezeka kwa hofu, maumivu, homa, hata kwa kupanda ngazi. Ni kweli, na kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi. Mtoto anayelia hahesabiwi. Anasubiriwa atulie mapajani kwa mama. Mwenye homa kali huhesabiwa tena joto likishuka. Na namba ikishuka, tusikimbilie kufurahi, maana mgonjwa aliyekuwa anapumua mara 40 akashuka hadi 14 huku anasinzia amechoka, hajapona. Tena, kumtambua aliye hatarini hakutuambii bado tumtibu vipi. Jaribio kubwa lililofanyika Uganda, Kenya na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011 liliwahusisha watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Waliomiminiwa maji kwa kasi kwenye mishipa walikufa kwa kiwango cha zaidi ya 10 kwa kila 100 ndani ya saa 48, na wale ambao hawakumiminiwa kwa kasi, takriban 7. Kuhesabu pumzi kunamtoa mgonjwa kwenye foleni na kumfikisha kwa daktari. Tiba ina ushahidi wake.

Linabaki suala la muda, na hapa wauguzi wana haki ya kulalamika. Muuguzi mmoja mbele ya foleni inayofika nje ya mlango amebebeshwa mzigo usio wake, na dawa ya hilo ni ajira. Hata hivyo dakika inayotakiwa mara nyingi ipo tayari. Kipimajoto kikishawekwa kwapani kinahitaji muda wake kabla ya kulia. Muda huohuo muuguzi anaweza kuacha vidole kwenye kifundo cha mkono kana kwamba bado anahesabu mapigo, ili mgonjwa asijue na kubadili upumuaji, kisha macho yakahamia kifuani au tumboni. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne hakufai, kwani kosa la pumzi moja linakuwa pumzi nne. Kwa mtoto wa miezi minane mpaka wa Shirika la Afya Duniani ni 50 kwa dakika, hivyo pumzi nne ni tofauti ya kurudi nyumbani na kuanza dawa ya nimonia. Wahudumu wa afya wa jamii katika baadhi ya nchi hutumia shanga za rangi, wakisogeza moja kwa kila pumzi, na rangi ikibadilika wanajua mpaka umevukwa.

Katika hospitali kuu ya Blantyre, Malawi, idara ya watoto ilipangwa upya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wafanyakazi walifundishwa kutambua dalili za hatari mara mtoto anapofika, na njia anayopita mgonjwa tangu mapokezi hadi wodini ikarekebishwa. Vifo vya watoto waliolazwa vilishuka kutoka kati ya asilimia 10 na 18 hadi kati ya 6 na 8. Mabadiliko yalikuwa mengi kwa pamoja na hakuna moja linaloweza kudai sifa yote, ila yote yalianzia mlangoni, kwa mtu aliyefundishwa kumtazama mtoto kabla ya kumwambia mama yake asubiri.