Njiti naye ana jina

Kiswahili cha mitaani kimempa mtoto anayezaliwa kabla ya wakati jina la njiti. Anayewaza kijiti cha kiberiti ataelewa: kitu chembamba, cha kuvunjwa kwa vidole viwili. Siku hizi neno hilo linatumika hata hospitalini na bungeni, nami sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na ile desturi inayolifuata, ya kumnyima mtoto huyo jina lake mwenyewe "mpaka kwanza tuone".

Kwa hesabu za waganga, njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za mimba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 walizaliwa watoto milioni 13.4 wa namna hiyo, karibu mmoja kati ya kila kumi. Ndugu msomaji, huenda katika jumuiya yenu yupo.

Padri anayehudumia wagonjwa huitwa katika wodi yao mara nyingi usiku. Unavua viatu, unanawa mpaka viwiko, unavaa gauni la hospitali. Ndani kuna joto. Mtoto amelazwa kwenye kasha la kioo, mrija mmoja puani wa kumsaidia kupumua, mwingine mdomoni wa kupitisha maziwa hadi tumboni. Kila baada ya saa chache mama yake anakuja kukamua maziwa, na hayo anayopata siku za mwanzo hayajazi kijiko. Kisha anarudi kukaa kwenye benchi, kidonda cha upasuaji bado kibichi.

Mama mmoja, mwanawe akiwa na kilo moja na gramu mia moja, alinishika mkono wa gauni akaniuliza: "Baba, nimekosa nini?"

Nyumbani walikwishamjibu. Mama mkwe alisema ni zile ndoo za maji. Jirani alisema ni laana, kwa kuwa aliwahi kumjibu vibaya shangazi wa mumewe. Na mhubiri mmoja aliyepita wodini alimtajia mtoto wa Daudi aliyekufa baada ya siku saba, ingawa baba yake alifunga na kulala chini.

Hapo niseme wazi. Habari ile ya Kitabu cha Pili cha Samweli inamhusu Daudi, aliyemchukua mke wa Uria na kupanga Uria auawe vitani. Haikuandikwa iwe kipimo cha kila mama aliye wodini. Wanafunzi walipomwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, yeye mwenyewe au wazazi wake, Bwana alilikataa swali lenyewe. Waganga nao wanataja shinikizo la damu, maambukizi, mimba ya mapacha, mlango wa kizazi uliolegea. Na mara nyingi hawaioni sababu yoyote. Anayeziba pengo hilo kwa neno laana anamwongezea mzigo mwanamke ambaye hata kusimama hawezi vizuri.

Nilimjibu kuwa hajakosa kitu, kisha nikamwuliza mtoto anaitwa nani. "Hajapewa jina, Baba. Wamesema tusubiri arobaini."

Naielewa busara ya wazee. Watoto walikufa wengi, na kuchelewesha jina kulikuwa namna ya kupunguza uchungu. Lakini nimekaa na akina mama hawa, na sijaona uchungu uliopungua kwa sababu aliyekufa hakuwa na jina. Kinachopungua ni watu wanaokuja msibani. Mtoto huzikwa na wanawake wawili watatu alfajiri, na mchana mama anaulizwa kama ameshapika.

Kanisa haliamuru arobaini. Sheria yake inataka mtoto aliye katika hatari ya kufa abatizwe bila kukawia. Wazazi wengi hawajui kwamba katika dharura mtu yeyote anaweza kubatiza, hata asiye Mkristo, ilimradi ana nia ya kutenda lile Kanisa linalotenda, amwagie maji na kutamka maneno ya Utatu Mtakatifu. Muuguzi Mwislamu, kwa ombi la mama, anaweza. Wasimamizi na kitambaa cheupe vinasubiri. Na kama mtoto amefariki kabla ya maji kumfikia, Kanisa linamkabidhi kwa huruma ya Mungu, na askofu anaweza kuruhusu afanyiwe mazishi ya Kikristo iwapo wazazi walikusudia kumbatiza.

Hata ikulu haikuepuka mlango huu. Agosti 7, 1963 mke wa Rais John F. Kennedy wa Marekani alijifungua wiki tano na nusu kabla ya wakati. Mtoto alikuwa na kilo mbili na kidogo. Katika wodi zetu leo angehesabiwa mkubwa. Alibatizwa mara moja, akaitwa Patrick, akakimbizwa Boston. Mapafu yake yalikosa ule utelezi unaoyazuia yasinywee. Daktari Mary Ellen Avery na mwenzake walikuwa wameshaugundua upungufu huo mwaka 1959, ila dawa haikuwapo. Patrick aliishi saa 39. Leo dawa ya mapafu hayo ipo, na iko sindano anayochomwa mama kabla ya kujifungua.

Tiba nyingine haina mashine. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, Dk. Edgar Rey, akiwa na vifaa vichache na watoto wengi, alianza kuwaweka njiti vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021, uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kuwa kuanza hivyo mapema, bila kungoja mtoto atulie, kulipunguza vifo kwa robo. Baba naye ana kifua. Namwona baba mara nyingi nje ya geti akiwaza nauli na bili. Aitwe ndani, afungue vifungo vya shati.

Mtakatifu Paulo, akijitaja kuwa wa mwisho wa mitume, anawaandikia Wakorintho neno la Kigiriki ektroma: aliyetoka tumboni si wakati wake. Seminarini tulilipita upesi. Baada ya wodi ile silipiti upesi tena. Mtume mkubwa hakuona haya kujihesabu pamoja na hawa.

Yule mama alimpa mwanawe jina la babu yake, nikambatiza kwa tone la maji, mkono kupitia tundu la kasha. Aliishi siku tisa. Mazishini padri alilitaja jina lake, na babu aliyeitwa hivyo alikuwepo.

Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamemwongezea likizo mama aliyeajiriwa aliyejifungua njiti. Muuza mbogamboga hana mwajiri. Jumuiya inayokutana wiki hii inaweza kumwangalizia genge, ikampelekea chupa ya uji na nauli ya daladala, na ikimfikia imwulize mtoto anaitwa nani.