Kupima Maji ya Kisima kwa Gharama Nafuu: Chumvi Huonjwa, Vimelea Havionjwi

Kaya nyingi za Temeke na Kinondoni hutegemea visima, ama kila siku ama pale maji ya bomba yanapotolewa kwa mgawo, kama ilivyokuwa mwishoni mwa mwaka 2022 kina cha Mto Ruvu kiliposhuka. Katika mitaa iliyo karibu na bahari, mtu anayekwenda kuchota huuliza kwanza iwapo maji ni ya chumvi au ni matamu. Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Maji ya chumvi hujitangaza yenyewe ulimini. Maji matamu yaliyochafuliwa na choo cha jirani hayana ladha yoyote ya kumwonya mnywaji. Kwa sababu hiyo, mwenye fedha kidogo ya kupimia anapaswa kujua ni kipi kinachopimika nyumbani na ni kipi kinachostahili kulipiwa maabara.

Chumvi inavyoingia kisimani

Chini ya ardhi ya pwani, maji baridi yatokanayo na mvua huelea juu ya maji mazito ya bahari. Kwa makadirio ya wataalamu, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Visima vingi vinapovutwa kwa pampu kwa wakati mmoja, usawa wa maji baridi hushuka na maji ya bahari hupanda kujaza nafasi. Ndiyo maana kisima kilichokuwa kitamu kinaweza kugeuka chumvi bila mwenyewe kubadili chochote, na kikishageuka, huchukua muda mrefu kurudi.

Mita ndogo ya mkononi

Jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka hupimwa kwa mita ndogo yenye ukubwa wa kalamu. Mita moja inatosha kuhudumia visima vya mtaa mzima, hivyo ni busara majirani kuchangia kuinunua. Kabla ya kuiamini, ijaribiwe kwa maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kwenye beseni safi: namba inapaswa kuwa karibu na sifuri. Kisha kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya mezani, kilichosawazishwa, kikorogwe katika lita 5 za maji hayo ya mvua. Mita nzima itaonyesha takriban 1,000 hadi 1,400.

Namba hizo husomwa kama miligramu kwa lita. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa maji yaliyo chini ya 600 kwa kawaida huwa na ladha nzuri, na yakizidi 1,000 hupoteza ladha kadiri namba inavyopanda. Maji ya bahari yenyewe hufikia takriban 35,000. Kilicho muhimu zaidi ni mwenendo: kisima kilichosoma 500 mwaka jana na 800 mwaka huu kinatoa taarifa mapema kuliko ulimi. Namba iandikwe daftarini pamoja na tarehe, na maji yapimwe baada ya pampu kufanya kazi kwa dakika kadhaa.

Naitreti

Mita ya chumvi haiwezi kutofautisha chumvi ya bahari na naitreti, ambayo mara nyingi hutoka vyooni na katika mashimo ya majitaka. Vijikaratasi vya kupimia naitreti, vya aina wanayotumia wafugaji wa samaki wa mapambo, hutoa makadirio kwa kubadilika rangi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Maelezo ya pakiti yasomwe kwa makini, kwani baadhi hupima nitrojeni iliyo ndani ya naitreti, na hapo kikomo ni takriban 11. Kijikaratasi hakichukui nafasi ya maabara. Kazi yake ni kuonyesha kisima kipi kitangulie kupelekwa.

Fedha ya maabara itumike kwa vimelea

Hakuna mita ya mkononi inayoonyesha bakteria wa kinyesi, ambao ndio ishara kwamba vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara vinaweza kupita njia hiyohiyo. Kwa hiyo, kaya ikiwa na uwezo wa kulipia kipimo kimoja tu, kiwe hiki. Maabara za ubora wa maji zilizo chini ya Wizara ya Maji hufanya vipimo hivyo. Ni vyema kuuliza bei na siku ya kupokea sampuli kabla ya kuchota, na kuomba chupa iliyotakaswa kutoka maabara. Bomba lisafishwe, maji yaachwe yatiririke dakika 2 au 3, na ndani ya chupa wala mfuniko wake visiguswe. Sampuli ibebwe katika chombo chenye barafu na ifike siku hiyohiyo, ikiwezekana ndani ya saa 6.

Majirani wenye visima kumi wasioweza kulipia vyote waanze na kile kinachochotwa na watu wengi kwa kunywa, kisha kilicho karibu zaidi na choo. Umbali unaoshauriwa mara nyingi kati ya choo na kisima ni angalau mita 30, na viwanja vingi havina nafasi hiyo.

Majira nayo ni akiba

Chumvi ipimwe mwishoni mwa kiangazi, maji yanapokuwa yamepungua. Vimelea vipimwe wakati wa masika, maji ya ardhini yanapopanda na kukutana na mashimo ya vyoo. Kipimo kimoja katika majira yake kina faida kuliko viwili vilivyofanywa wakati wowote.

Majibu yakishatoka

Maji yenye vimelea huchemshwa au kutiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio, huku kisima kikisafishwa na kufunikwa. Kuchemsha hakuondoi chumvi wala naitreti. Kinyume chake, maji yanapopungua sufuriani vitu hivyo hubaki na kuongezeka ukali. Maji yaliyozidi kiwango cha naitreti yasitumike kutengenezea maziwa ya watoto wachanga, kwa kuwa huweza kuzuia damu yao kubeba oksijeni. Maji ya chumvi yabaki ya kufulia na kusafishia, na yasitumike kuchanganyia zege yenye nondo, kwani huozesha chuma. Wenye shinikizo la damu wapate ushauri wa kituo cha afya kabla ya kuyanywa. Pampu ipumzishwe kati ya vipindi ili maji baridi yapate kurudi.

Majibu yanayoonyesha vimelea yafikishwe kwa afisa afya wa kata na ofisi ya serikali ya mtaa, kwa sababu maji ya kisima kimoja chini ya ardhi ndiyo maji ya jirani.